Kiti cha Mbele Kwenye Basi la Baba

Beaufort, Kerry
24 Juni 1984

Mpendwa Shangazi Josie,

Shikamoo. Huku tunakula na tunalala, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike Alhamisi bila kumsumbua mtu. Mboji tunayoichoma jikoni badala ya kuni imekauka mapema kwa sababu ya jua hili. Mama ana mafua lakini hataki kuambiwa. Baba anasema nikuambie kwamba bado ana nywele.

Mitihani ya mwisho ilikwisha Ijumaa. Sista alitupa mkono mmoja mmoja mlangoni. Zamu yangu ilipofika akaniambia, "Gobnait, ukipata nafasi ya ualimu Limerick, ujifunze kuongea. Watoto hawasikii minong'ono." Wenzangu walicheka, nami nikacheka, ingawa uso uliniwaka mpaka nikafika nyumbani.

Uliuliza kiangazi hiki nitafanya nini. Niko kazini na Baba, kwenye basi. Ofisi ya watalii ya Killarney inampa vikundi siku tano kwa wiki, tunazunguka rasi nzima na kurudi jioni. Mimi nakaa kiti cha mbele, kile cha kushoto karibu na mlango. Nagawa ramani, nahesabu watu wakishuka na wakipanda, na namwambia Baba yaliyoko barabarani. "Gari," nasema. "Kondoo wawili, kulia. Trekta." Nasema chini chini ili abiria wasisikie. Wiki iliyopita bibi mmoja aliniinamia akauliza, "Umefika fungu la ngapi, mwanangu?" Alidhani nasali rozari. Nikamwambia la nne.

Matokeo yatatoka katikati ya Agosti. Niombee.

Mpwa wako,
Gobnait


Springfield, Massachusetts
8 Julai 1984

Gobnait mwanangu,

Marahaba. Huku ni joto la kuoka mkate juu ya dirisha. Bi. Wanda wa ghorofa ya chini ameniletea feni yake ya pili, na mumewe bado anaitafuta ya kwanza aliyoniletea. Kazi ya kushona sare nimeiacha. Usiniulize, nimechokana na cherehani na yenyewe imechokana nami.

Mwandiko wangu umekuwa mkubwa kama wa mtoto, utanisamehe. Kalamu za siku hizi hazifai.

Nimefurahi sana kwamba umemaliza. Wewe ndiwe wa kwanza katika nyumba yetu kukaa darasani mpaka mwisho. Nafasi ikija, ikamate kwa mikono yote miwili, wala usisubiri mtu akupe ruhusa. Hiyo haya yako ni kama koti, ukifika kwenye joto utaivua mwenyewe.

Ila kuna kitu kimenikaa kichwani. Kaka yangu Batt anaambiwa kuna kondoo kwa sababu gani? Hiyo barabara anaijua kuliko anavyoijua sala ya Baba Yetu, na macho anayo mawili. Au mmebuni mchezo?

Msalimie mama yako. Mwambie mafua hayaponi kwa kukanushwa.

Shangazi yako,
Josie


Beaufort
19 Julai 1984

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mama amepona. Nyasi tumezikata na kuzikusanya zote, haijawahi kutokea Julai. Padre amenunua mbwa ambaye hupiga kelele wakati wa mahubiri tu.

Kuhusu kondoo, ni mazoea yetu tu, mimi na Baba. Tunapitisha muda. Usiwe na wasiwasi.

Mama anaisoma barua hii kabla sijaifunga, kwa hiyo anakusalimu.

Gobnait

(kwenye kipande cha karatasi ndani ya bahasha)

Shangazi, hiki nakiandika kaunta ya posta. Si mchezo. Baba haoni kilicho mbele yake. Pembeni anaona, anaona hata panya akikatiza ua, lakini katikati anasema kuna ukungu. Alianza Krismasi ya mwaka juzi. Gazeti anashika tu. Jumapili alimpita padre dukani mpaka padre akakohoa. Mama anasema ni uchovu. Hatujamwambia mtu yeyote, na abiria wanakuwa arobaini. Mimi ndiye nimwambiaye cha katikati.


Springfield
30 Julai 1984

Gobnait,

Sina habari za huku leo.

Nataka jibu la swali moja. Baba yako akikutazama, anakutazama usoni, au anakutazama sikioni?

Nijibu kwa mkono wako na usimwonyeshe mtu.

Josie


Beaufort
14 Agosti 1984

Shangazi,

Shikamoo. Mama mzima, ndama anakua, akina Foley wameezeka nyumba yao upya. Basi, habari ndizo hizo.

Jibu ni sikioni. La kushoto.

Sasa nikueleze Jumamosi. Nimejaribu kuiandika mara mbili na kuichana.

Ilikuwa siku ya pili ya maonyesho ya Puck, na unajua Killorglin inavyokuwa mbuzi akishavikwa taji na kupandishwa jukwaani. Tuliondoka Killarney saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili tupite kabla watu hawajaamka. Kikundi kilikuwa cha wake wa wakulima kutoka Monaghan, thelathini na nane, kiongozi wao Bi. McEntee, mama mnene aliyevaa koti la mvua kwenye jua kali.

"Batt," alisema tulipokuwa hata daraja la Killorglin hatujalivuka, "unaendesha kama mtu anayepeleka mayai sokoni."

"Afadhali mayai, bibie," Baba akajibu. "Mayai hayasemi."

Walicheka mpaka Glenbeigh. Wanawake wale walimpenda Baba papo hapo. Alikuwa anawaeleza kila kona kwa kipaza sauti: huku ndiko alikozaliwa nani, pale ndipo punda alipoingia kanisani. Hakuhitaji kutazama. Walishuka Cahersiveen kwa chai na skonzi, wakashuka tena Waterville kutupa mawe baharini kama watoto, wakala supu, wakanunua vitambaa. Nami nikawahesabu, nikawahesabu tena.

Unajua mabasi yote yanazunguka upande mmoja, yanaanza Killorglin na kumalizia Kenmare, maana mabasi mawili hayapishani kwenye njia ile. Baba amezunguka hivyo miaka ishirini na tatu. Ndiyo maana ameweza mpaka leo. Anaona ua wa kushoto na ukuta wa kulia, anapita kati yake, na hapo kati hakiji kitu kikubwa kuliko trekta. Trekta namtajia mimi.

Tulikuwa tunapanda Coomakista, yapata saa saba mchana. Nyuma walikuwa wanaimba. Bi. McEntee akaja mbele, akaniegemea begani.

"Na huyu mtoto hajafungua mdomo tangu asubuhi. Mpe kipaza sauti, Batt, atuimbie."

"Ana haya huyo," Baba akasema.

"Itamtoka. Inuka, binti, ugeuke tukuone."

Shangazi, mimi sijui kuwakatalia watu wazima. Nikainuka. Nikageuka. Nikaipa barabara kisogo.

Nilikuwa natazama nyuso zile zote natafuta wimbo, ndipo honi ikalia mara mbili na nyuso za viti vya mbele zikabadilika. Nikageuka. Basi la kijani lilikuwa mbele yetu, limesimama kabisa, limejibana kwenye ukuta wa upande wa bahari, taa zote zinawaka mchana kweupe. Njia imenyooka pale kama mita mia mbili. Dereva yeyote angeliona kutoka kona ya chini. Baba alikuwa katikati ya njia, anafuatisha wimbo wao kwa mluzi.

Nilifungua mdomo pakatoka hewa. Kisha nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga. "Baba, basi! Mbele yako! Simama!"

Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Makoti na vikapu vikatuangukia. Kioo chetu cha pembeni kikagongana na cha kwao, vikavunjika vyote viwili. Kati ya kona ya basi letu na kona ya lile jingine usingepitisha mkono.

Kisha Monaghan nzima ikaamka.

"Huyo mwendawazimu anatokea upande gani?"

"Ameandika Dublin ubavuni, msomeni!"

"Wewe bwana! Huku tunazungukia kule! Rudi ukamwulize mbuzi njia!"

Dereva wao akashuka, akapita akijiminya kati ya basi lake na ukuta. Mtu wa miaka hamsini hivi, amevaa tai, uso mweupe kama unga. Akapanda ngazi ya mlango wetu, hatua moja kutoka kwangu.

"Samahani sana, bwana," akamwambia Baba. "Killorglin wameifunga njia, na mtu akanishauri nianzie Kenmare. Nimekosa. Naitwa Fintan Deegan."

Akanyoosha mkono.

Baba alikuwa amemgeukia kabisa, anamtazama sikioni. Mkono ukakaa hewani. Wanawake wakapiga makofi. "Usimpe, Batt! Akampe mbuzi!" Walidhani Baba anamkatalia. Nilinong'ona, "Baba, mkono," lakini yule bwana alikuwa ameshaurudisha. Akamtazama Baba machoni, kwa muda. Kisha akanitazama mimi. Nikatazama viatu vyangu.

"Nitarudi nyuma mimi," akasema kwa upole, akashuka.

Alilirudisha basi lake nyuma kupanda mlima, mpaka kileleni pale watu wanapoegesha, bahari iko chini yake muda wote, na wanawake wetu wakimzomea dirishani.

Kileleni walishuka wote. Bahari hawakuipiga picha, walimpiga picha Baba. "Angekuwa mume wangu pale usukani," mmoja alisema, "saa hizi tungekuwa tunaogelea na mikoba yetu." Bi. McEntee akambusu mashavu yote mawili. Baba alicheka. Mpaka Sneem aliendesha polepole kuliko mtu wa mayai.

Nyumbani alimwambia Mama kwamba mjinga mmoja wa Dublin amemvunjia kioo. Hakusema kwamba nilipiga kelele. Mimi pia sikusema. Jumatatu tulizunguka tena, na kiti cha mbele nilikaa kama aliyefungwa kamba, sikugeuka hata mtu aliponigusa bega kuuliza choo kiko wapi.

Hakuliona, Shangazi. Na mimi nilikuwa nimegeuka.

Gobnait


Beaufort
27 Agosti 1984

Shangazi,

Shikamoo tena. Hujanijibu na nimehesabu siku. Labda posta. Labda nilikuudhi.

Nimefaulu. Limerick wameniita kusomea ualimu wa shule ya msingi, na jibu wanataka litumwe kabla ya tarehe kumi na nne Septemba. Mama alilia, akaenda kuwaambia akina Foley. Baba alinikumbatia, akasema, "Limerick si mbali." Kisha akauliza tunaondoka saa ngapi kesho. Barua yao nimeiweka kwenye droo ya visu.

Maana nikienda, kiti cha mbele kitakuwa kitupu na Baba ataendesha vivyo hivyo. Namjua. Mama hawezi, anatapika kwenye basi. Na mtu mwingine hawezi kuambiwa akae pale bila kuambiwa sababu. Msimu unakwisha Oktoba, kisha kuna msimu mwingine, na mwingine. Usingizi ukinishika naona ua wa kushoto na ukuta wa kulia.

Sasa kuna jambo jipya. Bi. McEntee alitaka kumtendea Baba wema. Aliwaandikia waajiri wa Bw. Deegan kwamba mtu wao karibu awaue wanawake thelathini na nane, na kwamba ni ustadi wa Batt Teahan peke yake uliowaokoa. Nakala alitutumia sisi, pamoja na keki ya zabibu kavu ndani ya kopo. Tumeila siku nne. Ni nzuri sana.

Wiki iliyofuata Bw. Deegan akamwandikia Baba. Amesimamishwa kazi, watamsikiliza tarehe ishirini na moja Septemba, na huenda asishike tena basi. Nilimsomea Baba mezani. Bw. Deegan hakutaja macho popote. Alisema anakubali kwamba alizunguka kinyume. Anaomba neno moja tu, kwamba yeye alikuwa amesimama.

"Alikuwa upande usio wake," Baba akasema. "Dereva yeyote wa Kerry atakuambia hivyo."

"Lakini alikuwa amesimama, Baba."

"Amesimama upande usio wake!"

Akatoka kwenda kuliosha basi, ambalo nilikuwa nimeliosha asubuhi. Mama hakuinua kichwa kwenye viazi. "Ukimjibu huyo mtu," akasema, "sisi hapa tutaishi kwa nini?"

Sijui la kumjibu Mama. Niambie wewe. Wewe ndiye mtu mzima pekee niliyemwambia.

Gobnait


Springfield
4 Septemba 1984

Gobnait mwanangu,

Marahaba, mara zote ulizonisalimu nikanyamaza.

Mkono unaouona hapa ni wa Bi. Wanda. Mimi nasema, yeye anaandika, na ananiomba nisikimbie. Barua zako mbili yeye ndiye aliyenisomea. Ya kwanza ilikaa siku nane kwenye mfuko wa aproni kabla sijapata moyo wa kumpelekea, kwa hiyo usiilaumu posta.

Sioni katikati. Ni mwaka wa tatu sasa. Cherehani sikuichoka, nilijishona kidole mara mbili wiki moja, msimamizi akaniambia nenda nyumbani. Wala kalamu hazina kosa.

Baba yetu, babu yako ambaye hukumkuta, alitutazama masikioni miaka sita, kisha akakaa kwenye kiti cha jikoni. Tuliambiwa ni moshi wa mboji uliomharibu macho. Nilipofika huku daktari aliniambia jambo hili linatembea kwenye damu. Sikumwandikia Batt. Nilijiambia yuko mbali, labda litamruka.

Krismasi ya mwaka juzi aliniandikia, mistari minne. Aliniuliza, "Josie, wewe macho yako yakoje?" Unajua nilimjibu nini? Nilimtumia soksi. Jozi tatu za sufu. Kama ningemjibu ukweli angejua analoendea, na pengine basi angekuwa ameliuza, na wewe usingekuwa kwenye kiti hicho. Kwa hiyo usiseme wewe uligeuka. Mimi niligeuka kabla yako, na kwa muda mrefu zaidi.

Nilitaka kukuambia ufanye moyo wako unavyotaka. Bi. Wanda amekataa kuliandika hilo, anasema mtoto ameuliza, ajibiwe. Haya. Mwandikie yule bwana ukweli wote. Ila usiupeleke kwa siri. Msomee baba yako kwanza, na kabla ya hapo msomee barua hii. Katika nyumba ile tumezoea kila mtu kupapasa peke yake.

Atakasirika. Mimi ningekasirika. Mama yako atakasirika zaidi. Wewe soma mpaka mwisho.

Na ukifika Limerick nenda kapimwe macho. Mimi nilingoja, unaona nilipofika.

Josie, kwa mkono wa Wanda


Beaufort
13 Septemba 1984

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na mfikishie Bi. Wanda shikamoo yake. Mama yuko kimya. Ndama ameuzwa kwa akina Foley. Mvua imerudi. Jibu langu la Limerick, kwamba nakwenda, nimelipeleka posta leo asubuhi pamoja na barua nyingine, na hiyo nyingine ndiyo nataka kukueleza.

Barua yako ilifika Jumanne. Niliibeba ndani ya sweta siku nzima tukizunguka na wastaafu wa reli kutoka Athlone. Jana hatukuwa na kikundi. Baada ya chakula cha mchana niliwaambia Baba na Mama nina karatasi mbili za kusoma. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Mama akasema, "Kasome chumbani." Nikasema ni za kusomwa hapa.

Nilianza na yako. Nilipofika kwenye soksi Baba alifanya kama kicheko, lakini hakikuwa kicheko. "Nimezivaa," akasema. "Moja ina tundu." Kisha nikasoma mpaka mwisho. Akauliza, "Miaka mitatu?" Nikasema ndivyo ilivyoandikwa.

"Na mimi nilidhani amenikasirikia," akasema.

Ndipo nikatoa ya kwangu. Nilikuwa nimeiandika Jumanne jioni, ukurasa mmoja, nikainakili kwa usafi. Niliandika kwamba nilikuwa kiti cha mbele na kwamba nilikuwa nimegeuka. Niliandika kwamba basi la Bw. Deegan lilikuwa limesimama ukutani, taa zikiwaka, na kwamba alipiga honi mara mbili. Niliandika kwamba dereva wetu ni baba yangu, na kwamba hakuliona kwa sababu haoni kilicho mbele yake, wala hajakiona tangu Krismasi ya mwaka juzi, na kwamba sisi nyumbani tulijua.

Nilisoma mpaka hapo, Shangazi, kwa sababu uliniambia nifike mwisho. Sentensi ya mwisho niliisoma mara mbili kwa kuwa ya kwanza haikusikika.

Mama alisimama na sufuria mkononi. "Batt, huyu mtoto hajui anachokiandika. Mwambie aichane."

Baba hakumgeukia.

"Miaka ishirini na tatu!" Mama akasema. "Mtoto wetu mwenyewe! Na yule wa Dublin aliyepita kinyume ndiye atakayerudishiwa usukani?"

"Eily, keti," Baba akasema.

"Siketi!"

"Basi simama, lakini ninyamazie kidogo."

Alikuwa amelaza viganja vyote viwili mezani, kama mtu anayeizuia meza isiondoke. Nilidhani ataniambia nitoke. Nilikuwa nimeshajiandaa kutoka, nilikuwa hata nimevaa viatu.

"Nisomee tena pale pa honi," akasema.

Nikasoma: "Alipiga honi mara mbili."

"Tatu."

Sikuelewa. Nikamwambia mimi nilisikia mbili.

"Ya kwanza aliipiga tulipotoka tu kona ya chini. Ninyi mlikuwa mnaimba. Mimi niliisikia, nikadhani ni mmoja wa madereva wetu ananisalimu, nikainua mkono." Akauinua kidogo kutoka mezani, vidole viwili, kama anavyofanya barabarani. "Nilimpungia, Gobnait. Sikujua yuko wapi, nikampungia. Andika tatu."

Nikakata mbili, nikaandika tatu, nikamwonyesha mahali pa kutia sahihi kwa kuuweka mkono wake pale. Akaandika jina lake lote, Bartholomew Teahan, likapanda kidogo kuelekea kona ya karatasi, lakini linasomeka.

Mpwa wako,
Gobnait